Tuzo ya Sauti katika Michezo ya Kuigiza

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wanachama wa tawi, Rungwe Mpya. Imepigwa chapa kwa ombi la Bwana Mwandishi, ili wanachama walioko mbali nao waisome kabla ya mkutano ujao.)



Niliambiwa nichague habari yoyote yenye faida kwa watumishi, na wenzangu wawili wakanionya nisiseme tena juu ya mishahara, kwa kuwa jambo hilo limekwisha semwa mpaka limechakaa. Basi nimeshika jambo jingine, nalo latukaribia kuliko mnavyodhani. Tawi letu limekusudia kutoa tuzo kwa vikundi vya michezo ya kuigiza vitakavyocheza hapa, na Kamati imekwisha andika orodha: mchezo bora, mwigizaji bora mwanamume, mwigizaji bora mwanamke, na mavazi. Niliisoma orodha hiyo mara mbili. Mpiga ngoma hayumo. Mpiga inanga hayumo. Yule afanyaye ngurumo nyuma ya pazia, na yule ajuaye ni wakati gani wimbo uanze na ni wakati gani watu wote wanyamaze, hawamo. Nimesimama kuomba waingizwe.

Najua swali litakaloulizwa. Ati, sauti ni kitu gani katika mchezo hata ipewe tuzo peke yake? Si pambo tu, kama ua katika kofia? Nitajibu kwa mchezo ambao wengi wenu mliusoma shuleni, yaani Kinjeketile, wa Ebrahim Hussein, uliopigwa chapa mwaka 1969. Habari yake ni ya vita ya Maji Maji, iliyopiganwa toka 1905 mpaka 1907, na moyo wa habari hiyo ni mtu aliyeingia katika mto Rufiji, akakaa humo, kisha akatoka na neno lililowaunganisha watu. Sasa, nani atauleta Rufiji hapa milimani? Jukwaa letu ni kiwanja cha shule, na nyuma yake pana mgomba. Hakuna fedha ya kuleta mto, wala hauletwi kwa fedha. Huletwa na mtu mmoja aliyechutama pembeni, ameshika ungo wenye mtama, anauinamisha polepole upande huu na upande huu. Mtama ukiteremka juu ya ungo, masikio yaliyo mbali kidogo husikia maji. Akiharakisha, mto wafurika. Akiacha ghafula, mtu amezama. Waigizaji wote wamesimama pale pale penye vumbi, walakini watazamaji wameona mto. Mtu huyo wa ungo, Bwana Rais, ndiye niliyekuja kumsemea.

Katika shule ya misheni niliyosoma, tulicheza Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare uliofasiriwa kwa Kiswahili na Julius Nyerere na kupigwa chapa mwaka 1963. Katika mchezo huo mna usiku wa dhoruba kabla ya siku ile ya kuuawa kwa Kaizari, nayo dhoruba ile si mvua tu, bali ni mbingu zenyewe zikisema ya kwamba jambo ovu limekaribia. Mwalimu wetu alitundika bati zima la kuezekea, akalifunga kwa kamba juu ya mwamba wa paa, akamweka mvulana mmoja alitikise. Sisi wengine tulidhani kazi hiyo ni ya mjinga asiyeweza kushika maneno kwa moyo. Kumbe mwalimu alikuwa amemchagua mwenye masikio. Mvulana yule hakutikisa bati wakati mtu anaposema, ila katikati ya maneno, na kila mara kidogo karibu zaidi, mpaka wazazi waliokaa mstari wa mbele wakatazama juu. Tena katika mchezo huo huo saa yagonga mara tatu usiku, wakati wale watu wanapanga kuua. Wajuzi wamemcheka Shakespeare kwa ajili ya saa hiyo, kwa kuwa Roma ya kale haikuwa na saa za kugonga. Wacheke. Mtu aliyekaa gizani akasikia mara tatu zile hakumbuki kuhesabu miaka.

Ufundi wa ngurumo una habari zake za zamani. Yasimuliwa ya kwamba mwaka 1709 mtungaji mmoja wa London, jina lake John Dennis, alibuni namna mpya ya kufanya ngurumo kwa ajili ya mchezo wake katika nyumba ya michezo ya Drury Lane. Mchezo wake haukupendeza, ukaondolewa upesi. Baadaye kidogo akaenda pale pale kutazama mchezo wa mtu mwingine, akaisikia ngurumo yake mwenyewe ikipigwa. Mchezo wake waliukataa, ngurumo yake wakabaki nayo! Asimama akalalamika mbele ya watu, nao wakamcheka. Miaka mia tatu imepita, na hali ya wafanyao sauti haijabadilika sana.

Labda mtasema hayo ni ya Wazungu wa kale. Basi sikilizeni ya juzi. Katika Marekani kuna tuzo kuu za michezo ya kuigiza, ziitwazo Tony, ambazo zilianza mwaka 1947. Miaka zaidi ya sitini ilipita kabla hawajamkumbuka fundi wa sauti. Walimwingiza mwaka 2008. London walikuwa wametangulia kwa miaka minne, maana tuzo zao za Olivier zilimpa nafasi mwaka 2004. Na miji kama Chicago na Washington, ambayo kwa habari ya michezo huhesabiwa ni ya majimboni mbele ya New York, ilikuwa imetangulia zaidi: huko mafundi wa sauti walikuwa wakitunzwa kabla wakuu wa Tony hawajafikiri. Jambo hilo lanifurahisha mimi mtu wa Kasulu. Mara nyingi wa pembeni husikia kwanza.

Walakini mwaka 2014 wakuu wa Tony waliifuta tuzo ya sauti. Sababu zilizosemwa wakati ule zilikuwa hizi: ya kwamba wengi wa wapigaji kura hawakujua wapime nini, hata wengine hawakupiga kura katika fungu hilo, na ya kwamba kazi hiyo ni ya fundi wa mitambo, si ya msanii. Maelfu ya watu walitia sahihi zao kupinga. Wakubwa wakafikiri tena, na mwaka 2017 wakatangaza kuirudisha, ikatolewa tena mwaka 2018. Lakini safari hii waliweka sharti, nami nawaomba mlisikie sharti hilo kuliko yote niliyosema juu ya Marekani: hawakuwapa kura hiyo wapigaji wote, ila sehemu yao wenye ujuzi wa jambo hilo. Hawakusema, kwa kuwa waamuzi hawasikii vema, basi sauti isihesabiwe. Walisema, tutafute waamuzi wanaosikia.

Nasi tunao hao karibu. Ninyi mliozaliwa katika Buha mnajua ya kwamba masikio ya wazee wetu yalifunzwa tangu utoto. Chukueni inanga. Ni ubao uliochongwa ndani kama hori, na juu yake umepitishwa uzi mmoja, zamani wa mishipa ya ng'ombe, ukienda na kurudi mara saba au nane. Sauti yake ni ya chini na ya upole. Mtu akiimba juu yake kwa nguvu, ataifunika. Basi jirani zetu wa Burundi wanayo namna ambayo mpigaji haimbi kabisa, ila ananong'ona. Mnong'ono hauna juu wala chini, mwajua. Lakini kwa kuwa nyuzi zafuata mapandio na mashuko ya maneno, sikio huviunganisha hivyo viwili, na msikilizaji aapa ya kwamba amesikia mtu akiimba. Wataalamu wa vyuo vikuu vya ng'ambo wameandika makala ndefu kueleza jambo hilo. Mzee anayelifanya hakuandika kitu, alikaa tu juu ya kigoda akapiga. Mkisema huo si ufundi wa sauti, nitaomba mnionyeshe ulio zaidi.

Au chukueni ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wengi wenu mmeziona, na tangu mwaka 2015, Warundi wengi walipokimbilia Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, ujuzi wa ngoma hizo ulikuja nao mpaka milangoni petu. Katikati pana ngoma moja iitwayo inkiranya, nayo ndiyo iongozayo. Upande mmoja pana ibishikiso, ambazo huifuata inkiranya. Upande wa pili pana amashakwe, ambazo hupiga mdundo mmoja tu bila kukoma tangu mwanzo hata mwisho. Watazamaji wote humtazama yule wa katikati, arukaye juu na kuzungusha fimbo shingoni. Sijaona mtu akimtazama mpiga amashakwe. Lakini amashakwe wakinyamaza kwa kitambo cha kuvuta pumzi moja, yule wa katikati hana mahali pa kutua miguu. Na katika ofisi zetu wako akina amashakwe wengi, ila hayo ni ya siku nyingine.

Redioni mambo yamekuwa dhahiri zaidi, kwa sababu pale macho hayana kazi. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza katika Radio Tanzania mwaka 1993, watu walimjua Mkwaju, dereva wa lori, kana kwamba wamemwona barabarani. Hawakumwona hata siku moja. Walisikia sauti yake na vishindo vya maisha yake, basi. Mwaka 1997 Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza mchezo wa Kirundi, Umubanyi niwe Umuryango, uliotungwa na Bibi Marie-Louise Sibazuri, juu ya majirani Wahutu na Watutsi katika siku za vita. Kirundi si kigeni kwa msemaji wa Kiha. Katika mchezo wa namna hiyo, mlango ukigongwa usiku, mgongo wa msikilizaji husisimka kabla neno halijasemwa. Mgongaji akigonga kwa haraka ni mashaka, akigonga kwa upole ni jirani. Ni nani aliyeamua mlango ugongwe vipi? Mtu fulani aliamua, na jina lake hatulijui.

Hapo ndipo penye haja yangu, Mabwana na Mabibi. Watu wa Pwani wana desturi njema ya kutunza: msikilizaji huinuka katikati ya wimbo, akenda mbele akimchezea mwimbaji, akamtia fedha mkononi. Lakini hata huko mwenye kutunzwa ni mwimbaji. Mpiga fidla aliye nyuma huendelea kusugua uzi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti katika sahani za santuri, hakusimama peke yake, na kama twawajua leo akina Subeti bin Ambari na Budda bin Swedi waliopiga naye, ni kwa sababu mtu alishika kalamu akaandika majina yao. Hukwe Zawose, Mgogo yule aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alijulikana duniani kwa ilimba na zeze kabla hajafariki mwaka 2003. Lakini kwa Hukwe mmoja aliyeandikwa, wako wangapi waliopigia michezo mia ya vijijini, wasiwe hata na mstari mmoja katika karatasi? Sisi ni makarani. Twajua vizuri kuliko watu wote nini humpata mtu asiye na faili.

Niliwahi kuhudhuria sherehe moja, sitasema wapi wala mwaka gani, ambapo kikundi kilicheza mchezo mzuri juu ya mirathi. Ulikuwa na mzee aliyepiga inanga mwanzo, na tena wakati mjane alipobaki peke yake. Alipopiga mara ya pili, wanawake waliokaa chini ya mwembe walishika mashavu. Baadaye waigizaji waliitwa mmoja mmoja, wakapewa hati na bahasha na kupigwa picha na mgeni wa heshima. Mzee yule alikuwa bado amekaa na inanga magotini, akingoja. Hakuitwa. Jioni aliomba nauli, akaambiwa ya kwamba fungu la nauli ni la wasanii.

Wasimamizi wale hawakuwa wabaya, naamini hivyo. Karatasi yao ilikuwa na nafasi za wasanii, na katika karatasi hiyo mzee hakuwemo, nao walifuata karatasi. Karatasi ya Kamati yetu leo ni ndugu ya ile.

Sasa niseme kidogo juu ya mashine. Vikundi vingi siku hizi havina mpigaji. Vina kijana mwenye kompyuta, flashi na spika mbili, na wimbo ule ule wa huzuni, wenye kinanda, hutumika kwa msiba, kwa talaka, na kwa mkulima aliyenyimwa mbolea. Hilo lanichosha. Lakini sina ugomvi na mashine yenyewe, wala sitaki tuzo yetu iwe ya vyombo vya jadi peke yake, maana tutakuwa twatunza mti badala ya mchongaji. Kijana yule akirekodi mvua ya hapa hapa ikipiga juu ya mabati, akailaza chini ya maneno hata mtu asijue imeanza lini, kisha akaikata mama anapotaja jina la mtoto wake, huyo ni fundi, na apewe. Na mpiga ngoma apigaye kwa nguvu toka mwanzo hata mwisho bila kumsikiliza mwigizaji, asipewe, ingawa ngoma yake ni ya ngozi ya ng'ombe na babu yake alipigia Mwami.

Kwa habari ya kupima, mimi si mwalimu wa muziki, nasema kama msikilizaji. Nadhani mwamuzi akae nyuma kabisa, si katika viti vya wageni, maana sauti ya mchezo ni ya watu wa nyuma. Katika sehemu fulani afumbe macho, ajiulize kama angali anajua yuko wapi: ni usiku au mchana, ni nyumbani au njiani. Atazame kama wimbo unasukuma habari mbele au unaisimamisha ili watu wacheze. Asikie maneno. Hilo la maneno nalisisitiza, kwa kuwa nimehudhuria michezo ambayo spika zilipiga kelele mpaka mwigizaji akawa kama samaki, mdomo wafunguka na kufungwa. Tena, na hapa baadhi yenu mtanicheka, apime kimya. Kikundi kinachojua kunyamaza kwa kitambo, watoto wakaacha kutafuna miwa yao, kimeshinda vikundi kumi vyenye spika. Juu ya kuimba kwa sauti tatu au nne sina la kuongeza. Kwaya zetu zajua hayo, na waamuzi wa kwaya tunao wa kutosha.

Waamuzi wenyewe nashauri wawe watatu, na mmoja wao awe mpigaji mzee asiye na kikundi katika mashindano. Kama hajui kusoma, karani mmoja akae karibu naye aandike asemayo. Itakuwa kazi nzuri kwa karani.

Bwana Mweka Hazina ameniuliza fedha itatoka wapi. Swali ni la haki. Sikuja kuomba fungu jipya; naomba fungu lililopo ligawanywe upya. Tuzo ya mavazi na ipungue kidogo, kwa kuwa mavazi hubaki na mwenyewe baada ya mchezo, lakini sauti ikipigwa imekwenda zake. Nataka tuzo ya sauti iwe sawasawa na ya mwigizaji bora, isiwe nusu. Tuzo nusu ni njia ya adabu ya kumwambia mtu ya kwamba kazi yake ni nusu. Na pasipo fedha kabisa, bado kuna jambo lisilo na gharama: jina la kila mpigaji na chombo chake liandikwe katika karatasi ya mchezo, na lisomwe kwa sauti pamoja na majina ya waigizaji. Hata sheria ya nchi imekwisha wakumbuka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yawapa watumbuizaji haki zao, wala haisemi mwenye kusimama mbele tu. Lakini mtu atadai haki gani ikiwa hakuna maandishi ya kuonyesha alikuwapo?

Mwenzangu mmoja wa idara ya kilimo aliniambia jana ya kwamba vikundi vitaona tumewaongezea mzigo. Nilimjibu ya kwamba viongozi wa vikundi watatu nimekwisha zungumza nao, na wote watatu, kabla sijamaliza, walianza kunitajia majina ya wapigaji wao. Mmoja alitaja hata jina la aliyechonga ngoma.

Basi, Bwana Rais, pendekezo naliweka mezani: katika orodha ya Kamati liongezwe fungu la tano, Muziki na Sauti, thamani yake iwe kama ya mwigizaji bora, waamuzi wawe watatu kama nilivyoeleza, na karatasi ya kila mchezo iwe na majina ya wapigaji. Karatasi ya mfano nimempa Bwana Mwandishi, ina safu tatu, ya jina, ya chombo, na ya sehemu za mchezo alizopigia. Naomba kura ipigwe katika mkutano ujao, kabla barua hazijapelekwa kwa vikundi.

Mzee wa inanga niliyemtaja yu hai. Nimemwomba awe mmoja wa waamuzi kama mkikubali, akasema atakuja, ila hawezi kupanda kilima kwa miguu akiwa na chombo chake, wala hataki kuja bila chombo. Mwanachama mwenye pikipiki na aonane nami mlangoni kabla hatujatawanyika.